Seva ya Faili Ndani ya Kontena (Sehemu ya Pili): Anwani, Milango na Hifadhi

Juma lililopita tulieleza kontena ni kitu gani: programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji, inayoendeshwa ndani ya Linux bila kuziona programu nyingine za kompyuta hiyo hiyo. Tulisema pia kwamba Docker, iliyoonyeshwa hadharani na Solomon Hykes mwezi Machi 2013, haikuvumbua utengano huo. Iliufanya uwe mwepesi kwa mtu wa kawaida. Leo tunaipa kazi: kupokea faili kutoka mbali.

Chukulia chama cha msingi cha kahawa kule Kamachumu, wilayani Muleba, msimu umeshafunguliwa. Karani ana leja zilizopigwa picha, orodha ya wakulima, kilo za maganda, namba za simu na za akaunti za benki. Vyote vinatakiwa ofisini Bukoba mjini. Barua pepe ya Gmail haikubali viambatisho vinavyozidi megabaiti 25, kwa hiyo wapo wanaomkabidhi kondakta wa Koasta flashi. Kwa kasi tu, njia hiyo si ya kubeza. Gigabaiti 2 kwenye laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa mbili, na gari huzimaliza kilomita zipatazo 70 za Muleba hadi Bukoba kabla ya hapo. Ubaya wa flashi ni kwamba ikidondoka njiani, akaunti za wakulima zimo mkononi mwa mtu asiyejulikana. Seva ya faili humlinda mkulima dhidi ya hilo, na mtandao ukikatika katikati ya safari, kazi inaweza kuendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya.

Itifaki kongwe ya kazi hii ni FTP. Abhay Bhushan aliiandika MIT, Marekani, mwezi Aprili 1971, na toleo linalofuatwa mpaka sasa ni la Oktoba 1985. Ajabu yake ni kwamba inatumia njia mbili. Maagizo hupita mlango namba 21: jina, neno la siri, ombi la kuweka faili. Faili yenyewe hupita mlango mwingine, unaofunguliwa kwa ajili ya safari hiyo tu. Hapo zamani seva ndiyo iliyomfuata mteja ili kumfungulia njia ya pili. Leo karani yuko nyuma ya modemu ambayo haipokei mgeni kutoka nje, kwa hiyo hali ikageuzwa: seva humtajia mteja anwani na namba ya mlango, kisha mteja ndiye anayekwenda. Hali hiyo huitwa pasivu.

Hapa ndipo kontena linapowasumbua wengi, na inafaa tukae kidogo. Docker hulipa kontena anwani ya ndani, kwa kawaida inayoanza na 172.17, ambayo haijulikani popote nje ya kompyuta hiyo. Programu ya FTP iliyomo ndani haijui kwamba iko ndani. Ikiulizwa ilipo, hujibu kwa anwani ile inayoiona. Ni sawa na mgeni aliyefikia gesti Bukoba kumwambia ndugu yake wa Muleba, "Nipo chumba namba saba," bila kutaja gesti. Matokeo yake huchanganya: karani anaingia vizuri, neno la siri linakubaliwa, lakini akitaka kuona orodha ya faili skrini inasubiri mpaka muda unakwisha. Wengi hulaumu mtandao wa simu, nao hauna kosa.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwa programu ya vsftpd, andika kwenye pasv_address anwani ya nje ya seva, ili itaje hiyo badala ya ile ya ndani. Kisha weka mipaka ya milango ya faili kwa pasv_min_port na pasv_max_port, tuseme 21100 hadi 21110, na uiambie Docker ifungue milango hiyo hiyo pamoja na 21. Ukifungua 21 peke yake umefanya nusu ya kazi.

Hata hivyo, kwa orodha ya wakulima siishauri FTP hata ikiwekwa sawasawa. Husafirisha neno la siri na faili bila kuficha chochote, na aliye katikati ya njia anaweza kusoma vyote. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki aliunda SSH, itifaki ya kuingia kwa usiri kwenye kompyuta ya mbali, baada ya maneno ya siri kudukuliwa kwenye mtandao wa chuo chake, na SFTP ilizaliwa katika ukoo huo. Majina yanafanana, lakini ni itifaki nyingine kabisa. SFTP hufumba kila kitu, tena hupitia mlango mmoja tu, 22 au mwingine utakaouchagua. Tatizo lote la chumba namba saba linaondoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Ushirika nao unatunza taarifa za watu.

Sasa hifadhi. Kila kilichoandikwa ndani ya kontena hufutika kontena likifutwa, na makontena hufutwa mara kwa mara, kila programu inapoboreshwa. Kwa hiyo unganisha folda ya kompyuta mwenyeji na folda ya kupokelea iliyomo ndani. Ufunguo wa utambulisho wa seva nao utunzwe nje vivyo hivyo. Usipofanya hivyo, kila kontena jipya litazaliwa na ufunguo mpya, na kompyuta ya karani itamwonya kwamba pengine anaongea na tapeli. Karani akizoea kupuuza onyo hilo, siku tapeli akija kweli hatalijali. Weka pia agizo la kontena kujiwasha lenyewe baada ya umeme kurudi.

Jambo moja la hatari halisemwi vya kutosha. Docker huandika kanuni zake kwenye ngome ya Linux, na mlango ulioufungua kupitia Docker hubaki wazi hata kama ufw, programu ya kuisimamia ngome hiyo, imeagizwa kuuzuia. Usijidanganye kwa kuiangalia ufw peke yake. Jaribu kuingia ukiwa nje, kwa laini nyingine.

Halafu pa kuiweka seva. Modemu za laini ya simu mara nyingi hazikupi anwani ya umma, kwa hiyo kompyuta iliyo ofisini Bukoba inaweza isifikike kutoka Kamachumu. Ama omba anwani ya kudumu kwa kampuni ya mtandao, ama kodi kompyuta ndogo ya mtandaoni. Popote itakapokuwa, nakala ya pili ikae jengo lingine. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi Kagera na kuzifunga shule za Ihungo na Nyakato. Ofisi iliyotunza nakala moja ndani ya kuta zake haina kinga siku kama hiyo.

Kabla ya kuwapa makarani anwani ya seva, lifute kontena kwa makusudi, liunde upya, kisha umwombe mtu aliye Muleba aingie. Akikuta faili zote zipo na hakuna onyo la ufunguo, ikabidhi seva kazini. Akikosa hata moja kati ya hayo mawili, usiikabidhi. Juma lijalo tutaeleza jinsi ya kumpa kila karani folda yake asiyoweza kutoka nje yake, na jinsi ya kuihamisha nakala ya pili usiku.