Mpira wa mkojo usioingia mwilini

Kwa miaka mingi mwanamume aliyelazwa hoi hospitalini alikuwa na nafuu ambayo mwanamke hakuwa nayo. Aliweza kuvalishwa kitu cha mfano wa kondomu chenye mrija unaopeleka mkojo kwenye mfuko, pasipo chochote kupenya mwilini. Mwenzake wa wodi ya wanawake aliwekewa mpira unaoingia kibofuni, au akafungwa pampasi na kulala na majimaji hadi muuguzi apate nafasi.

Mpira tunaoujua leo, wenye kiputo kinachojazwa maji kibofuni ili usichomoke, ni kazi ya daktari Mmarekani, Frederic Foley, ya miaka ya 1930. Umeokoa wengi na bado unaokoa. Lakini bakteria hupanda nao, kwa nje na kwa ndani, wakijijengea utando ambao dawa hupata tabu kuupenya. Kila siku moja unayokaa nao, uwezekano wa mkojo wako kukutwa na bakteria huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Mwanamke ana hatari zaidi kwa maumbile yake: njia yake ya mkojo ina sentimita 4 hivi tu, na iko jirani na njia ya haja kubwa, wanakotoka wengi wa wadudu hao.

Mwaka 2008 Medicare, bima ya wazee ya serikali ya Marekani, iliacha kuzilipa hospitali gharama za ziada za maambukizi ya mpira yaliyopatikana wodini. Mwaka uliofuata mwongozo wa kitaifa ukasisitiza kwamba kushindwa kuzuia mkojo, peke yake, si sababu ya kumwekea mtu mpira. Ilipofika karibu na mwaka 2017, kifaa cha wanawake kiitwacho PureWick kikaanza kuenea, na wengine wakakiiga.

Ni kipande laini kilichopinda kama ndizi, upande mmoja una kitambaa kinachofyonza. Muuguzi hukilaza katikati ya mashavu ya uke, hakiingizwi popote, na ncha ya chini huishia makalioni. Ncha nyingine ina mrija uendao kwenye mashine ya kunyonya iliyo ukutani, ikivuta kwa nguvu ndogo. Mkojo ukitoka tu huvutwa hadi kwenye chupa yenye alama za mililita. Kifaa hubadilishwa kila baada ya saa 8 hadi 12, au mara moja kikichafuka kwa kinyesi au damu.

Hizo alama za chupa si jambo dogo. Bibi mwenye moyo uliochoka akipewa dawa ya kukojoza, daktari lazima ajue ametoa kiasi gani. Zamani hicho ndicho kilikuwa kisingizio kikuu cha kumwekea mpira, na sasa hakina mashiko tena kwa wagonjwa wengi.

Hata hivyo, sifa za kifaa hiki nazisoma kwa jicho pembe. Katika takwimu rasmi za Marekani, maambukizi huhesabiwa kuwa ya mpira pale tu mgonjwa alipokuwa na mpira wa ndani kwa zaidi ya siku mbili. Anayetumia kifaa cha nje akiugua njia ya mkojo, haingii kwenye hesabu hiyo. Hospitali inaweza kupongezwa huku mgonjwa akiendelea kuungua anapokojoa. Tafiti zenyewe hazikubaliani: zipo zilizoona maambukizi yakipungua, zipo zilizokuta tofauti ndogo. Ngozi nayo huchubuka kifaa kikikaa vibaya. Kisha kuna uvivu: mama anayeweza kushikwa mkono akaenda chooni huachwa kitandani kwa kuwa mashine inafanya kazi, na misuli ya miguu inalegea.

Wodi nyingi za kwetu hazina mashine ya kunyonya ukutani, na kifaa cha kutupwa kila baada ya saa chache ni gharama ambayo ndugu wa mgonjwa hawezi kuibeba. Kuuchomoa mpira mapema, kwa upande mwingine, hakuhitaji umeme wala bajeti. Mama anatoka chumba cha upasuaji Jumatatu akiwa na mpira, daktari aliyeuagiza anamaliza zamu, na Alhamisi mfuko bado unaning'inia pembeni mwa kitanda kwa kuwa hakuna aliyeandika kwenye faili kwamba utolewe.