Kura mbili, nyumba moja

Tofauti za kisiasa kati ya mke na mume huko Kiogoro, Kaunti ya Kisii, Kenya, mara nyingi hutoka kwenye ukoo kabla hazijafika kwenye chama. Kwa mila ya Abagusii, wenyeji wa huko, mtu haoi ndani ya ukoo wake. Mwanamume wa Nyaribari anaweza kuoa kutoka Bobasi, Kitutu au Machoge, na kiti cha ugavana kikigombaniwa, kila mmoja ana "mtu wetu". Redio ikitaja majina hayo wakati wa chakula cha jioni, ugali hupoa.

Matusi na dharau za mwenzi huamsha tezi zilizo juu ya figo. Adrenalini humwagika, kisha kotisoli. Kotisoli ikidumu juu, hupunguza saitokaini, kemikali zinazoziita seli za kinga kwenye jeraha. Mwaka 2005, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichapisha utafiti wa wanandoa 42. Kila mmoja alitiwa malengelenge madogo mkononi kwa kifaa cha kufyonza ngozi, kisha wawili hao wakazungumza. Baada ya kubishana, vidonda vilichelewa kupona kwa takriban siku moja kuliko baada ya mazungumzo ya kutiana moyo. Waliozoea kurushiana maneno ya chuki walipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao wapole. Walibishania mambo ya ndoa, wala hayakuwa ya kura, lakini kotisoli haichagui mada.

Moyo kwenda mbio wakati wa ugomvi huitwa "presha" kila mahali. Lakini hiyo si presha. Ugonjwa wa presha kwa kawaida hauna dalili, na hutambuliwa kwa kupimwa kwa mashine zaidi ya mara moja. Eti mke anayempinga bwana kisiasa amerogwa? Huo ni upuuzi unaowanufaisha waganga wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme. Hakuna mzizi unaogeuza kura ya mtu.

Hasira zikipanda, mazungumzo yakatizwe kwa dakika 20 hivi, mwili utulie. Hakuna anayelazimika kutaja chaguo lake: Kifungu cha 38 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura kwa siri. Palipo na kipigo au vitisho, namba ya msaada 1195 hupigwa bila malipo.