Pasaka katika nyumba yenye dini mbili

PASAKA humkuta mtoto wa mjini akiwa nyumbani siku nne mfululizo, kwani Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni siku za mapumziko Tanzania na Kenya. Katika nyumba ambayo baba ni Mwislamu na mama ni Mkristo, au ambayo wazazi wote wawili hawasali, siku hizo huja na swali ambalo mtoto wa miaka mitano haoni haya kuliuliza: sisi tunasherehekea nini?

Wazazi wengi hulijibu kwa nguo mpya na safari ya ufukweni. Si vibaya, lakini mwakani nguo hazitamtosha, na ufukweni huenda hata Desemba. Desturi ni jambo linalorudi wakati ule ule, kwa namna ile ile, na mtoto akiwa na kazi yake ndani yake.

Nchini Sweden, Alhamisi Kuu au mkesha wa Pasaka, watoto hujifunga vitambaa vya kichwa, hupaka mashavu rangi na kuigiza wachawi wa hadithi za kale, kisha hupita nyumba kwa nyumba wakitoa michoro waliyoichora na kupewa peremende. Kanisa la Kilutheri lilikoma kuwa kanisa la dola huko mwaka 2000, lakini hata familia zisizosali huendelea na mchezo huo. Kwetu, ambako vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, vazi hilo halifai kuigwa. Mchoro unafaa: mtoto anamgongea jirani wa ghorofa ya chini na kumpa alichokitengeneza mwenyewe.

Tunavyo pia vya kwetu. Pasaka huadhimishwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, kwa hesabu ya Kanisa, hivyo huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mtoto aliyezoea kutafuta mwezi mwandamo wa Idi anaweza kutoka na wazazi usiku kuutazama huu uliojaa, mawingu ya masika yakiruhusu.

Tena masika ni majira ya kupanda. Choroko zikilowekwa Ijumaa na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kawaida Jumapili zimeanza kuchipua, na Jumatatu mtoto huzitia kwenye kopo la udongo.

Mayai hayahitaji rangi za dukani. Yenye ganda jeupe yakichemshwa na maganda ya vitunguu na kijiko cha siki hugeuka hudhurungi. Manjano huyapa rangi ya dhahabu. Yafichwe sebuleni, ya mdogo mahali panapoonekana, na yahesabiwe kabla, kwa kuwa yai lililokaa nje ya jokofu zaidi ya saa mbili halifai kuliwa.

Hayo yote hayaondoi haja ya kumweleza mtoto waziwazi kwamba Wakristo siku hizo hukumbuka kifo na ufufuko wa Yesu. Akifichwa nyumbani, ataambiwa shuleni. Na bibi akitaka kwenda kanisani na mjukuu wake, watu wazima walizungumze mapema, si Jumapili asubuhi mbele ya mtoto aliyekwisha kuvaa viatu.