Betri ya Guta Ichaguliwe kwa Kazi Yake

Mjini Shinyanga na Kahama, na kule machimboni Kakola na Nyarugusu, hakuna asiyelijua guta, chombo cha magurudumu matatu kiendeshwacho kwa injini ya pikipiki. Huletwa ndani ya makasha kikiwa vipande vipande, kikafungwa na mafundi wetu hapahapa, kisha kikatumwa kubeba viroba vya mawe ya dhahabu, marobota ya pamba na, usiku wa dharura, hata mgonjwa. Siku hizi kimekwisha kuvuka maji, nacho chasomba dagaa katika mialo ya visiwani. Kwa hiyo habari ya betri yake si ya mafundi peke yao.

Kosa tulionalo mara nyingi ni la kudhani kwamba betri kubwa haishindwi. Mwenye guta huing'oa betri aliyoikuta, akaweka ya lori. Lakini jenereta iliyomo ndani ya injini ya pikipiki ni ndogo. Ikiisha kulisha plagi, taa za mbele na za nyuma, na honi ambayo vijana wetu hawaipumzishi, kinachosalia hakitoshi kuijaza betri ya ampea 70. Betri isiyojaa kwa muda mrefu, bamba zake za risasi huota chumvi nyeupe ngumu, nayo hufa kwa njaa ingali mpya. Aidha, injini ya sisi 200 hudai nguvu nyingi zaidi wakati wa kupiga selfu kuliko ile ya sisi 125, hivyo betri ya pikipiki ndogo haiifai. Yapasa kufuata ampea zilizoandikwa na mtengenezaji, au kuzidisha kidogo tu, na kuhakikisha kwamba betri imekaa imara kitakoni mwake, maana mtikisiko wa njia za machimboni huvunja bamba.

Kwa njia hizo, betri iliyozibwa, ambayo tindikali yake imenyonywa na sufi ya kioo, yafaa kuliko ile ya kuongeza maji, kwa kuwa haimwagiki guta linapoinama. Mnunuzi adai ipimwe mbele yake: iliyojaa na kutulia huonyesha kiasi cha volti 12.6 au zaidi. Ikionyesha 12, imekaa dukani mpaka imechoka. Injini ikinguruma, kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.5; kikipita 15, betri yachemshwa, na mwenye kosa ni kidhibiti cha umeme, si muuza betri. Zipo sasa betri za lithiamu, nyepesi mno, lakini asiwe na haraka nazo mtu ambaye guta lake halina kidhibiti kinachopatana nazo.

Tulipokuwa Nyakarilo tukingojea kivuko cha Kome, tulimkuta kijana akilisukuma guta lake, na juu yake amelazwa mama mjamzito. Selfu ilikuwa imekataa. Tulipomsaidia kulisukuma alitueleza kwamba kila usiku huikodisha betri kwa wavuvi wa dagaa, wawashie taa zao, na alfajiri hurudishiwa. Hiyo ilikuwa ya tatu tangu msimu wa pamba. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba betri ya kuwashia injini hutengenezwa itoe nguvu nyingi kwa nukta chache, kisha ijazwe papo hapo. Ya taa ina bamba nene, hutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Fedha alizopata kwa wavuvi hazikufikia bei ya betri moja.

Na hizo mbili zilizokufa ziko wapi? Alituonyesha kwa kidole: uani kwake, watoto wanapochezea. Ndugu zetu wa visiwani wasizivunje ili kuyeyusha risasi ya chubwi za nyavu, wala tindikali isimwagwe ufukoni. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofanya kazi tangu 2007 hadi 2014 kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwamo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Sumu hiyo haina harufu, na mtoto hudumaa akili kabla mzazi hajashuku lolote.

Shirika la Viwango lina dhima ya kupima kama ampea zilizoandikwa juu ya betri zinazouzwa Kahama na Geita zimo kweli ndani yake. Baraza la Mazingira nalo lina dhima juu ya mabaki. Lakini maofisa wa halmashauri zenye mialo hawana haja ya kungojea waraka: watenge chumba kimoja chenye sakafu ya saruji karibu na kila kivuko, betri kuukuu zikusanywe humo, na kila muuzaji alazimishwe kuipokea iliyokufa anapouza mpya, akipunguza bei. Pale Nyakarilo ghala tupu lipo, hatua chache kutoka gati.