Damu Isiyoonekana

Barabara itokayo Tororo kwenda Busia hupita Tiira, mji wa wachimba dhahabu, na juu yake hukimbia usiku na mchana bodaboda, ambazo jina lake lilizaliwa papo hapo mpakani mwa Uganda na Kenya katika miaka ya 1960, chombo chenyewe kilipokuwa bado baiskeli ya kuvushia watu na mizigo baina ya vituo viwili vya forodha. Kijana akianguka, usukani ukampiga chini ya mbavu za kushoto, aghalabu huinuka mwenyewe, akakung'uta vumbi la suruali na kusema hana neno. Na maadamu hakuna tone lililodondoka, watu hutawanyika wakimshukuru Mungu. Baada ya saa moja hulalamika kwamba bega la kushoto lamuuma, ilhali bega halikuguswa.

Bega hilo lisidharauliwe. Chini ya mbavu zile imejificha bandama, kiungo laini kilichojaa damu, ambacho kikipasuka, damu hutanda tumboni na kukichokoza kiwambo kinachotenga tumbo na kifua. Na kwa kuwa mishipa ya fahamu ya kiwambo na ya bega hutoka mahali pamoja shingoni, maumivu ya ndani husikika begani. Bandama ya mtu mzima mwenye siha ina uzito wa kama gramu 150, lakini malaria ya mara kwa mara huivimbisha hata ikachungulia nje ya ngome ya mbavu, ikawa rahisi kupasuka. Na huko Tororo watafiti wa mwaka 2001 na 2002 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea mara 562 kwa mwaka. Basi pigo la usukani, au la kifusi cha shimoni, mimi sithubutu kuliita dogo.

Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na mwili hustahimili sana: moyo huenda mbio, mishipa husinyaa, hata anapokaribia kupoteza lita moja na nusu ndipo huanguka ghafla. Kabla ya hapo huwa na kiu, wasiwasi, jasho baridi, na kope zilizopauka kwa ndani. Alazwe, afunikwe, asipewe chakula wala aspirini, apelekwe upesi kwenye hospitali yenye damu na tabibu wa kupasua.

Na hata aliyeruhusiwa kurudi nyumbani aangaliwe kwa wiki mbili, kwani bandama iliyojeruhiwa huweza kupasuka siku kadhaa baadaye. Akiomba maji usiku, mikono ikiwa baridi, jamaa zake wasingoje alfajiri.