Nyumba yenye magurudumu kwenye barabara ya shaba

Jua likianza kushuka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, injini za malori huzimwa moja baada ya nyingine na masanduku ya vyombo yaliyofungwa ubavuni mwa trela hufunguliwa. Ndani mna sufuria mbili, mwiko, mtungi mdogo wa gesi, mfuko wa unga, chumvi, vitunguu na bidoni ya maji ya lita 20. Mfuniko wa sanduku ukiteremshwa unageuka meza. Haupiti muda mrefu ugali, ambao sisi wa Lubumbashi tunauita bukari, umeiva. Dereva amenawa uso na miguu kwa maji yasiyojaa kopo moja, na taa ndogo iliyoshinda juani juu ya dashibodi imeanza kumulika. Usiku huu hadaiwi bili ya umeme wala hajapiga hodi kwa mtu kuomba maji. Kesho atapika hivyohivyo kilomita mia mbili mbele, au hapohapo ikiwa foleni haikusogea.

Ulaya na Marekani maisha ya namna hii yana wapenzi wengi, na wapo wanaoyalipia fedha nyingi. Tangu 1951, kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilipoanza kuyatia mabasi madogo ya Volkswagen kitanda, kabati na jiko, gari la kulala limekuwa ndoto ya watu waliochoka na kodi za nyumba, kelele za mji na saa za ofisi. Miaka ya karibuni ndoto hiyo imeenea kwa picha za simu: mlango wa nyuma uko wazi, mbele kuna ziwa, kikombe cha kahawa kiko mkononi. Ukiwasikiliza vizuri watu hao utagundua kwamba gari lenyewe si kiini cha hamu yao. Wanatamani kuwa na mwanga ambao hakuna ofisi ya kuukata, maji waliyoyapima wenyewe, na ruhusa ya kuhama pindi mahali panapowachosha.

Hamu hiyo mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Élisabethville, na umeme ulipokuja ulifuata mahitaji ya mitambo kwanza. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kuzalisha mwaka 1930. Baadaye yakaja Koni, Nzilo na Nseke. Mwaka 1982 ukakamilika mstari mrefu wa kutoka Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi: kilomita zipatazo 1,700 za nyaya zinazopita juu ya vijiji visivyo na hata balbu moja. Leo, katika nchi nzima, takriban mtu mmoja tu kati ya watano anafikiwa na umeme, na hata aliyefikiwa anajua jioni za giza. Kwa hiyo katika komini zetu za Katuba, Kenya na Ruashi wenye uwezo wameweka paneli za jua juu ya mabati, wenye nafasi wamechimba visima uani, na wote waliobaki wanapikia makala, yaani mkaa, kwenye mbabula, miti ya miombo ikizidi kuisha kandokando ya barabara. Tumejitenga na gridi bila kuhama nyumba. Tofauti yetu na yule mwenye kahawa mbele ya ziwa ni kwamba yeye alichagua.

Ndiyo maana nadhani dereva wa Kasumbalesa ana mengi ya kutuambia kuhusu mvuto wa maisha hayo, na kuhusu mahali mvuto wenyewe unapokatikia.

Wengi wa madereva hao wanatoka Tanzania na Zambia. Wengine ni Wakenya, Wazimbabwe na Waafrika Kusini. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mpakani kwetu ni karibu kilomita 2,000 kupitia Tunduma. Kuja, wanabeba salfa, chokaa, mazutu na mashine. Kurudi, wanabeba mabamba ya shaba na magunia ya kobalti kutoka Likasi, Fungurume na Kolwezi. Kongo sasa iko miongoni mwa nchi mbili au tatu za kwanza duniani kwa kutoa shaba, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa. Sehemu kubwa ya mzigo huo inapita katika barabara hii, nyuma ya kitanda cha mtu mmoja.

Kitanda chenyewe kiko nyuma ya viti, upana wake kama wa benchi la kanisani. Mwenye kukijua amekipanga kwa akili. Blanketi zito limo hata kama Dar ni joto, kwa sababu usiku wa Juni na Julai hapa kwetu baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Pazia limeshonwa kwa kitenge. Nguo ziko kwenye mfuko uliotundikwa, ili pasihitajiwe kabati. Hati za mzigo ziko mahali ambapo mkono unazifikia gizani. Mmoja wao, mtu wa Mbeya, alinionyesha jinsi anavyotumia maji ya kuoshea mchele kusugulia sufuria, na baadaye maji hayohayo kutuliza vumbi mahali anapotandika mkeka. Niliona fahari usoni mwake, na ilikuwa ya haki. Mtu aliyejua kutosheka na bidoni moja kwa siku amejipatia ujuzi ambao wenye mabomba hawana.

Hesabu ya nyumba kama hiyo inaeleweka, na atakayetaka kutengeneza gari lake la kulala aifanye kabla hajanunua kitu. Paneli ya wati 200, katika kiangazi cha Katanga ambapo jua kali hudumu kama saa tano, inaweza kuleta karibu wati-saa 1,000 kwa siku. Betri ya volti 12 na amperi-saa 100 inahifadhi kama 1,200. Friji ndogo ya gari hula kati ya 400 na 600, taa chache na simu mbili hazifiki 150, kompyuta ya mapajani inachukua kiasi chake, na bado kinabaki kidogo cha akiba. Lakini Januari, mawingu yanaposhinda siku tatu, mavuno huenda yakawa nusu tu, na hapo friji ndiyo ya kwanza kuzimwa. Pasi na jiko la umeme visahauliwe kabisa. Watu wawili wanaojibana wanatumia lita 20 za maji kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 60 linawatosha siku tatu. Nyaya zote zinazounganisha vitu hivi ni shaba, na baadhi yake huenda imetoka kwenye ardhi yetu. Kobalti yetu, kinyume na watu wengi wanavyodhani, mara nyingi haimo: betri za lithiamu zinazopendwa zaidi kwenye magari hayo siku hizi ni zile za chuma na fosfati.

Jambo moja lisifanyiwe majaribio. Mbabula isiingizwe ndani ya gari, hata baridi ikizidi, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Moshi wa makala usioonekana unaua watu usingizini, na chumba cha gari ni kidogo kuliko chumba chochote cha nyumba.

Dereva, basi, ana mwanga, maji, chakula na kitanda. Anakosa uwezo wa kuamua mahali pa kusimama. Husimama foleni inapomsimamisha, huondoka hati zinapotoka. Agosti 2024, Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa vinywaji vilivyozuiwa kuingia Kongo, nyumba zote hizo za magurudumu zilikwama pamoja, na waliokuwa ndani hawakuwa na la kufanya ila kuhesabu unga uliobaki. Mazutu huibwa usiku kutoka kwenye matangi, na mizigo ya shaba hutamaniwa na watu wenye silaha, kwa hiyo usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu. Choo ni kichaka. Kuoga ni kulipa uani kwa mtu. Wakati wa joto la Oktoba chumba cha lori hakikaliki mchana, na kivuli kilichopo ni cha trela tu.

Nikiyaweka maisha haya karibu na ile picha ya kikombe cha kahawa, naona jinsi vifaa vinavyofanana: paneli, bidoni, gesi, kitanda chembamba. Kinachogeuza vifaa hivyo kuwa raha ni mtu kuweza kusema, "Leo tunalala hapa," na akalala. Hata Marekani hilo halimo mikononi mwa wote. Kitabu cha Jessica Bruder, Nomadland, kilichotoka 2017 na kutengenezewa filamu iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021, kinasimulia wazee walioingia kwenye magari baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 kuwanyang'anya nyumba na akiba. Wanazunguka kutafuta vibarua vya msimu, na usiku wanahangaika kupata mahali ambapo polisi hawatagonga kioo. Wao na madereva wetu wangeelewana kwa haraka.

Wapo pia waliokuja Katanga kwa hiari. Mwaka 2010 mume na mke Wabelgiji waliondoka Lubumbashi na Land Cruiser lao kwenda Kinshasa, zaidi ya kilomita 2,000 za matope, madaraja yaliyooza na mito ya kuvuka kwa feri, na safari iliwachukua zaidi ya mwezi. Masimulizi yao yamesomwa sana duniani. Nayasoma kwa heshima, ila nakumbuka kwamba watu wa vijiji walivyopita huitumia njia hiyohiyo kila wiki kwa baiskeli iliyobeba mahindi au mafuta ya mawese, na wanalala kando yake bila gari la kujifungia.

Mtu wa Lubumbashi anayetamani kuonja mvuto huu hana haja ya kwenda Kinshasa. Mbuga ya Kundelungu, iliyoanzishwa 1970, inafikika kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, na humo maporomoko ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300, miongoni mwa marefu kabisa Afrika. Kwenye Lufira kuna maporomoko ya Kiubo, na ziwa Tshangalele lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha lina ndege wengi na samaki. Hiace kuukuu iliyopitia Dar es Salaam, ikitolewa viti vya nyuma na kuwekewa godoro, haitafika Lofoi, lakini itafika Likasi na kando ya ziwa. Wakati wake ni kuanzia Mei hadi Septemba, njia zikiwa kavu. Nasema haya kwa sababu napenda tuione nchi yetu kwa macho ya kutembea, maana wengi wetu tunaijua barabara ya mgodini na ya sokoni tu.

Tatizo litakalomkuta msafiri huyo ni lilelile la dereva. Gari lililosimama pembeni usiku hapa kwetu huulizwa maswali. Mwenyeji atajiuliza kama ni wezi, na mwenye sare ataomba hati na baada ya hati kitu kingine. Desturi inasaidia: ukifika kijijini, kwanza unamtafuta chifu, unamsalimu, unaeleza shida yako, unaacha kitu kidogo cha heshima, na usiku huo gari lako ni mgeni wa kijiji kizima. Nimeona jambo hili likifanya kazi kuliko kufuli lolote. Lakini kwenye barabara kuu ya Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi hadi Kolwezi, ambako maelfu ya watu hulala kila wiki, chifu hawezi kuwa mlinzi wa wote.

Kinachotakiwa huko ni parkingi za haki. Uwanja wenye ukuta na mlinzi anayelipwa mshahara, kisima chenye pampu ya jua, vyoo vinavyosafishwa, mabafu, miti ya kivuli, banda la akina mama wanaouza bukari, sombe na michopo, na bei iliyoandikwa ukutani ili kila mtu alipe sawa. Sehemu kama hizo zipo chache za watu binafsi, na madereva wanazijua na kuzijaza. Barabara hii ina vituo vya kulipia, na kila lori linaloipita linalipa. Sehemu ya fedha hizo ikirudi kwa anayelipa, parkingi moja nje kidogo ya Kasumbalesa, nyingine kabla ya Likasi na ya tatu karibu na Kolwezi hazishindikani. Mahali penye choo, maji na ulinzi kwa dereva wa Mbeya ndipo mtalii wa Land Cruiser atakapoomba kulala, na ndipo familia ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, yenye Hiace na godoro itakapoegesha Jumamosi usiku ikielekea ziwani. Madereva waanze kupewa, kwa kuwa ndio walioishi hivi miaka yote hii na shaba yetu mgongoni.