Protini za Kinga na Ukuaji wa Kuku

Vijidudu vinapouvamia mwili wa mnyama, chembe za kinga hupashana habari kwa protini ndogo ziitwazo saitokini. Mojawapo ni intaferoni, iliyoelezwa na Alick Isaacs na Jean Lindenmann mjini London mwaka 1957, baada ya kuweka virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto kwenye utando wa yai la kuku.

Protini hizo zahusianaje na uzito wa kuku? Kifaranga mgonjwa hula kidogo, na sehemu ya chakula hicho hutumika kupambana na maradhi badala ya kujenga nyama. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi walichanganya viuavijasumu katika chakula cha kuku. Kuku walinenepa, lakini bakteria sugu nao waliongezeka. Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku desturi hiyo kuanzia Januari 2006.

Watafiti wa Australia walijaribu njia nyingine. Intaferoni-gama ya kuku, ilipodungwa pamoja na kiini cha chanjo, iliongeza kingamwili. Kwa kuwa protini hizi huvunjika upesi mwilini, waliipandikiza jeni yake katika virusi vya ndege, ili kuku aitengeneze mwenyewe. Mwaka 2000 walitangaza kwamba vifaranga waliopewa virusi hivyo waliongezeka uzito zaidi, na walipoambukizwa koksidiosisi walipungua kidogo kuliko wenzao.

Hata hivyo, si kila saitokini hunenepesha. Intalukini-1 ikizidi huleta homa, huondoa hamu ya kula, na misuli hukonda. Tena intaferoni-gama ya kuku haimfai ng'ombe. Yampasa atengenezewe yake.